Ukuta wa Kiwanda na Ukuta wa Sebule

Ukuta una kazi mbili duniani. Kazi ya kwanza ni kutenga: hutenga ndani na nje, mwenye mali na mpita njia, jua na kivuli. Kazi ya pili ni kusema, na kazi hii ukuta haupewi na mwashi aliyeujenga. Hupewa na mtu mwingine, ajaye baadaye na mkebe wa rangi mkononi. Ukuta usiosema hupitwa kana kwamba haupo. Ukuta unaosema humsimamisha hata mwenye haraka. Si ajabu, basi, kwamba tangu zamani binadamu hakuweza kuutazama uso mtupu wa jiwe akauacha vivyo hivyo. Huko Kondoa, katika nchi hii hii, watu walichora wanyama na wanadamu juu ya majabali kwa rangi nyekundu na nyeupe, karne nyingi kabla ya kalamu kufika. Mary Leakey alikwenda huko mwaka 1951 akazinakili picha hizo kwa mkono, kwa sababu aliziona kuwa ni sanaa inayotoweka. Na mwaka 2006 UNESCO iliyatia majabali hayo katika orodha ya urithi wa dunia. Tendo lile lina fundisho. Mchoro ulikuwa na mtu wa kwanza, aliyeuchora. Lakini kudumu kwake katika macho ya watu wa mbali kulihitaji mtu wa pili, aliyeuona, akauthamini, akauchukulia nakala.

Mtu wa pili siku hizi ni mpiga picha. Wako watu, na idadi yao inazidi, ambao huchukua kamera wakaenda si kwenye bustani wala kwenye harusi, bali kwenye kuta za viwanda, maghala, gereji, mabehewa ya reli, makontena na vibanda vya mabati. Hupiga picha michoro iliyo juu ya nyuso hizo ngumu, huikuza, huichapa, na kuitundika majumbani na maofisini kuwa pambo. Kazi hii yaonekana ndogo, na kwa wengine ni mchezo wa mtu mwenye nafasi. Lakini ndani yake limo swali lisilo dogo: uzuri uliozaliwa barabarani ni mali ya nani unapoingia sebuleni?

Moshi ni mji unaofaa kuliulizia swali hilo, maana ni mji uliojengwa na kazi. Reli kutoka Tanga iliufikia mwaka 1911, na tangu hapo mazao ya mlima yalipata njia ya kwenda baharini. Wakulima wa Kichaga walianzisha chama chao cha kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika kijulikanacho kwa herufi KNCU, ambacho jina lake lilivuka mipaka ya nchi. Kahawa ya vihamba vya Machame, Kibosho, Uru na Marangu ilishuka mjini ndani ya magunia ili ikobolewe, ichambuliwe na kuuzwa mnadani. Kusini mwa mji, katika tambarare yenye joto, shamba kubwa la miwa la TPC lilianza mwaka 1930. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 viwanda vya umma viliongezeka katika nchi, na Moshi ikapata sehemu yake. Ulipofika ubinafsishaji wa miaka ya 1990 baadhi ya viwanda hivyo viliuzwa, vingine vikanyamaza. Hata treni ya abiria iliuacha mji huu kwa zaidi ya miaka 20, ikarudi Desemba 2019, na mwaka uliofuata ikaendelea hadi Arusha.

Kiwanda kinaponyamaza huacha nyuma yake mashine zenye kutu, mlinzi mmoja langoni, na ukuta mrefu. Mashine huuzwa kwa kilo, na mlinzi huenda zake siku yake ikifika; ukuta hubaki. Na ukuta mrefu usio na madirisha mengi, ulio kando ya njia ipitwayo na watu, ni karatasi isiyolipiwa. Hata kiwanda kilicho hai kina kuta za namna hiyo, na kila karakana ina lango la chuma, na kila kibanda kina bati. Mchoraji hahitaji kuzitafuta nyuso hizo. Nyuso ndizo zinazomwita.

Ni nani basi mchoraji huyu? Aghalabu hakufundishwa katika chuo cha sanaa. Ni fundi wa kuandika vibao, mwenye brashi tatu au nne, makopo ya rangi ya mafuta, kamba ya kupigia mstari na ngazi ya kuazima. Kwenye kibanda cha kinyozi huchora vichwa vyenye nywele zilizokatwa kwa namna mbalimbali, ili mteja asiyejua jina la mtindo aonyeshe kwa kidole. Kwenye gereji huchora tairi na spana. Kwenye bucha huchora ng'ombe mwenye afya kuliko ng'ombe yeyote aliyepata kuchinjwa pale. Nyuma ya lori huandika methali, na methali ikisha kupanda lori husafiri mpaka Tunduma na kurudi ikiwa na vumbi. Mara kwa mara huchora mlima. Pamoja naye yuko kijana wa siku hizi, mwenye kopo la rangi ya kupuliza, ambaye huandika jina lake kwa herufi zilizovimba na kupindana hata asiyezizoea hawezi kuzisoma. Kiswahili cha mitaani kimekwisha ipa kazi hiyo jina lake, chata, na Dar es Salaam ina kundi la wachoraji waliojiita Wachata. Fundi wa vibao na kijana wa chata hawafanani umri wala nia, lakini wote wawili huacha alama ya mkono wa mtu juu ya kitu kilichotengenezwa kwa mashine.

Asiyeamini kwamba sanaa kubwa yaweza kutoka katika vifaa vya kiwandani na amtazame Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na karibu na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege. Hakuwa na kitambaa cha wachoraji wala rangi ziletwazo kwa ajili ya wasanii. Alichukua mbao laini za kiwandani, zile zitumikazo kwa dari, akazipaka rangi ing'aayo ya kupakia baiskeli. Umaskini wa vifaa ukageuka kuwa utajiri wa namna: mng'ao wa rangi ile, ambao mchoraji wa Ulaya angeuona kasoro, ndio uliozifanya picha zake zijulikane kwa mbali. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mtu mwingine, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Jina lake leo ni jina la aina nzima ya uchoraji, na picha za aina hiyo huuzwa kila pembe ya nchi, pamoja na vibanda vya Moshi vinavyowangoja wapanda mlima. Lakini heshima kubwa ilimjia akiwa kaburini. Haya ni ya kuyakumbuka katika habari ya picha za kuta, kwa maana yanaonyesha jinsi jina linavyoweza kusafiri mbali na mwenyewe asinufaike.

Mambo ya kuta yana historia hata nje ya Afrika. Katika miaka ya 1930 mpiga picha Brassaï alianza kuzunguka mitaa ya Paris akipiga picha michoro iliyokwanguliwa ukutani kwa kisu na msumari: nyuso, mioyo, mafuvu. Aliandika daftarini mahali alipouona kila mchoro ili arudi baada ya miaka autazame ulivyogeuka. Mwaka 1956 picha zake zilionyeshwa katika jumba la sanaa za kisasa la New York, na mwaka 1960 zikatoka katika kitabu. Katika mji huo huo wa New York, vijana wa miaka ya 1970 na 1980 walifunika mabehewa ya treni za chini ya ardhi kwa rangi za kupuliza. Wenye reli waliyaosha mabehewa, vijana wakayachora tena, mpaka mwaka 1989 behewa la mwisho lenye michoro likaondolewa njiani. Martha Cooper na Henry Chalfant walikuwa wamekwisha kuzipiga picha kazi hizo na kuzitoa katika kitabu mwaka 1984. Mabehewa yakawa safi; picha zikabaki. Yote yaliyochorwa kwa hatari usiku yangekuwa leo hadithi isiyo na shahidi, kama si kamera.

Moshi ina maadui wake wa michoro, na si lazima wawe wenye reli. Jua la tambarare hunywa rangi nyekundu kwanza. Mvua za masika huingia nyuma ya lipu zikaibandua vipande vipande. Kutu huota chini ya rangi ya bati na kutokeza kama ugonjwa uliofichwa. Kampuni ya soda au ya simu hununua uso wa ukuta na kuupaka rangi moja kutoka pembe hadi pembe, ikafuta kwa asubuhi moja kazi iliyochukua juma zima. Mwenye jengo hubomoa, na barabara hupanuliwa. Mchoro wa barabarani huzaliwa ukijua kwamba utakufa. Pengine huo ndio uhuru wake. Lakini anayeupenda hawezi kulaumiwa akitaka kuuwekea kumbukumbu.

Kuupiga picha mchoro wa namna hii ni kazi yenye adabu yake. Mwanafunzi wa kamera hudhani kwamba ukuta, kwa kuwa haukimbii, ni rahisi kuliko ndege. Lakini bati lenye migongo humfundisha haraka. Jua la asubuhi likilipiga kwa ubavu, kila mgongo hutupa kivuli katika bonde lake, na uso wa mtu uliochorwa hapo hukatwa mistari mistari kama aliye nyuma ya nondo za gereza. Jua la saa sita huifanya rangi ya mafuta ing'ae kama kioo, na katika picha hutokea doa jeupe mahali palipokuwa na jicho. Mwenye subira hungoja mawingu. Katika miezi ya Juni na Julai mawingu hushuka kutoka mlimani yakaufunika mji kwa siku nyingi, na nuru huwa laini, isiyo na upande. Wageni hunung'unika kwamba hawauoni mlima. Mpiga picha wa kuta hushukuru, kwa kuwa rangi hujionyesha zilivyo.

Kisha yafuata masuala ya kusimama. Atakaye mchoro mzima hana budi kusimama mbele ya katikati ya ukuta na kuiweka kamera sawa nao. Akisimama pembeni, safu za matofali hukimbilia upande mmoja na herufi za mwisho husinyaa. Hufaa arudi nyuma kadiri barabara inavyomruhusu, kuliko kusogea karibu na lenzi pana inayopinda kila mstari. Kioo cha kuchuja nuru, kizungushwacho mbele ya lenzi, hupunguza mng'ao wa rangi. Na kama nia ni kuitundika picha, hesabu haidanganyi: picha ya sentimeta 90 kwa 60, ikichapwa kwa vitone 150 katika kila inchi, huhitaji vitone 5,315 kwa upana na 3,543 kwa kimo, yaani karibu milioni 19. Picha iliyobanwa ili ipite upesi katika simu haiwezi kuubeba mzigo huo. Ikikuzwa huvurugika kama uji. Ikisha kuchapwa, iwe juu ya karatasi, kitambaa au bamba la chuma, isiwekwe mahali panapopigwa na jua, isije ikafa sebuleni kwa ugonjwa ule ule ulioiua nakala yake ya kwanza barabarani.

Hayo ni ya ufundi, na ufundi hufundishika. Lililo gumu zaidi ni la kuchagua. Mbele ya ukuta mzuri wa Moshi ni nadra kukosa mtu. Fundi viatu ameweka benchi lake chini ya mchoro, mama mwenye beseni la ndizi mbivu ameketi mahali penye kivuli, vijana wa bodaboda wameegesha pikipiki zao. Mpiga picha ajaye kutafuta pambo huwaona watu hawa kuwa kizuizi. Huwangoja waondoke, pengine huwaomba wasogee, na siku hizi aweza kuwafuta kwa kompyuta, wasijue hata kwamba walifutwa. Picha hupata usafi. Lakini usafi huo una bei, maana mchoro ule ulichorwa kwa ajili ya hao waliofutwa. Kichwa cha kinyozi hakikuchorwa kipendeze ofisi ya mwanasheria. Kilichorwa ili kijana wa Pasua ajue pa kunyolewa. Mtu akiutenga mchoro na kazi yake amechukua ua akaacha shina. Ua laweza kudumu katika chupa, lakini halizai.

Wako wanaosema kwamba kutenga huko si kosa, kwa kuwa sanaa zote hutenga. Kinyago kilichoko kwenye jumba la makumbusho kimetengwa na ngoma yake, na mlango wa Unguja uliopigwa picha na mgeni umetengwa na nyumba yake. Hoja hii ina nguvu, na haifai kuipuuza. Mtu wa Machame aliyepanga chumba katika mji wa baridi ng'ambo, akaweka ukutani picha ya lango la gereji la Moshi, hakuiweka kwa kuwadharau watu wa gereji. Ameiweka kwa kuwa herufi zile zilizoandikwa kwa mkono, zenye r moja iliyosahauliwa na kuchomekwa juu, zinamrudisha nyumbani kuliko picha yoyote ya simba. Kwake yeye kutu yenyewe ni harufu ya utoto. Kumbe pambo laweza kuwa uzi unaomfunga mtu na mahali. Basi kutenga si kosa kwa nafsi yake. Kosa ni kutenga na kusahau palipotengwa.

Na hapa ndipo lile swali la mali linaporudi. Fundi wa vibao alilipwa mara moja na mwenye duka. Mpiga picha akiuza nakala kumi katika hoteli, amelipwa mara kumi. Yeye naye ametoka jasho: kamera aliinunua, mawingu aliyangoja, uchapaji aliulipia, na macho yaliyouchagua ukuta huo katika kuta mia ni macho yake. Hakuna mwenye haki atakayesema kwamba hakufanya kitu. Lakini hakuna mwenye haki atakayesema kwamba alifanya kila kitu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazilinda picha za kuchora na picha za kamera kwa pamoja, na haimtaki mwenye kazi awe na cheti ndipo kazi iwe yake. Huwa yake kwa kuiumba. Ulinzi huo huendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sheria inamtambua hata mchoraji asiyejua kwamba inamtambua, na aliye juu ya ngazi ya kuazima akichora tairi ana jina mbele yake kama aliye na jumba la maonyesho.

Hata huko Marekani, ambako mwenye jengo ana nguvu nyingi, jambo hili lilifika mahakamani. Kiwanda kimoja cha zamani katika mtaa wa Queens, New York, kilichoitwa 5Pointz, kilikuwa kimefunikwa na michoro ya wachoraji kwa ruhusa ya mwenyewe. Novemba 2013 mwenye jengo aliifunika kwa rangi nyeupe usiku, kabla ya kulibomoa. Wachoraji 21 walimshtaki, na mwaka 2018 mahakama iliamuru walipwe dola milioni 6.7. Michoro haikurudi, na jengo halikurudi, lakini ilitamkwa wazi kwamba mchoro wa ukuta wa kiwanda ni kazi ya mtu, si uchafu wa ukuta. Na mahakama ilipotaka kujua jinsi kazi hizo zilivyokuwa, mahali pa kuziona palibaki kuwa katika picha. Hivyo kamera yaweza kuwa mwizi wa mchoraji, na yaweza kuwa shahidi wake. Tofauti haimo katika chombo, imo katika mkono.

Mfano wa mkono mwema si wa kutafutwa mbali. Mwezi wa Januari 2009 mpiga picha Mfaransa ajulikanaye kwa herufi JR alikwenda Kibera, Nairobi, akapiga picha nyuso za wanawake wakazi wa huko. Picha hizo zilichapwa kubwa sana juu ya plastiki isiyopitisha maji, zikatandazwa juu ya mapaa ya mabati, zikafunika mita za mraba 2,000. Macho ya wanawake yalibandikwa ubavuni mwa mabehewa ya treni ipitayo hapo, na sehemu ya chini ya nyuso zao ikawekwa juu ya mabati chini ya reli, hata treni ilipopita, kwa muda mfupi, macho na midomo vilikutana. Uzuri wa jambo hilo haukuwa katika macho tu. Plastiki ile ilizuia mvua. Waliotoa nyuso zao walipata paa lisilovuja. Picha haikuwachukulia kitu bila kuwarudishia kitu.

Reli hiyo hiyo ilikuwa na jambo jingine la kusema. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, vyuma vyake viling'olewa Kibera na watu wenye hasira. Uchaguzi wa Machi 2013 ulipokaribia, wachoraji wa Nairobi walipewa ruhusa ya kupuliza rangi mabehewa ya treni ya abiria, wakaandika maneno ya amani. Mwaka mmoja kabla yake, katika mji huo, mpiga picha Boniface Mwangi na wenzake walitokeza kuta zilizochorwa tai walaji mizoga, mfano wa viongozi walao jasho la raia. Michoro ya namna hiyo hufutwa upesi, na mara nyingi hufutwa na wale iliowachoma. Aliyeipiga picha kabla haijafutwa hakupamba nyumba tu. Ameweka akiba ya ushahidi. Katika jambo kama hili haki ya mchoraji na faida ya umma hukaa katika kiti kimoja bila kusukumana.

Moshi haijachora tai. Imechora mlima. Ni vigumu kutembea kutoka kituo cha reli hadi soko la Mbuyuni usiukute Kibo umechorwa mahali fulani: juu ya lango, juu ya kontena, ubavuni mwa basi, juu ya duka la simu. Katika michoro yote hiyo kilele ni cheupe tele, na weupe wake hushuka mpaka nusu ya mlima. Mlima wenyewe haukubaliani na picha zake. Wataalamu waliolinganisha ramani na picha za angani waliona kwamba kati ya mwaka 1912 na mwaka 2007 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa asilimia 85. Barafu aliyoikanyaga Hans Meyer mwaka 1889, alipofika kileleni, sehemu yake kubwa imekwisha kuwa mvuke na maji. Fundi wa vibao hajayapunguza makopo yake meupe kwa ajili hiyo. Huuchora mlima kama alivyousikia kwa babu yake, au kama unavyompendeza mteja, na mteja hajawahi kudai mlima mweusi.

Je, fundi huyo ni mwongo? La. Picha yake inasema vile mlima ulivyo katika mioyo ya watu waishio chini yake, wanaotambika na kusali wakiuelekea, wanaonywesha migomba maji ya mifereji iliyochimbwa na mababu kutoka mabonde yake. Picha ya angani inasema vile mlima ulivyo machoni. Kila moja ni kweli mahali pake, na mpiga picha wa kuta ana bahati ya pekee ya kuziweka pamoja. Akiupiga picha ukuta wenye mlima mweupe uliochorwa, asubuhi ambayo mlima wenyewe umejitokeza nyuma ya paa ukiwa na weupe kidogo kileleni, amefanya picha moja yenye mashahidi wawili. Hahitaji kuandika neno chini yake. Mjukuu atakayeitazama atajua kilichopendwa na kilichopotea.

Kwa ajili hiyo, mwenye kuifanya kazi hii ana wajibu mdogo, usiomgharimu sana, ambao ukitimizwa huitofautisha sanaa na uporaji. Kabla hajauza, na amuulize mwenye ukuta na amtafute mchoraji. Katika mji kama Moshi, ambako fundi wa vibao hujulikana kwa mwandiko wake kama mtu ajulikanavyo kwa mwendo, kumtafuta si kazi ya siku mbili. Akimpata, waelewane juu ya sehemu yake. Asipompata, na aandike nyuma ya picha mtaa, mwezi na mwaka, na nafasi iliyo wazi kwa ajili ya jina litakalojulikana baadaye. Nafasi iliyo wazi ni kukiri kwamba yuko mtu. Picha isiyo na nafasi hiyo husema kwamba ukuta ulijichora wenyewe, na hakuna ukuta uliopata kufanya hivyo tangu Kondoa.

Mwenye kununua naye hana udhuru. Anayetundika picha sebuleni huulizwa na wageni ilikotoka, na jibu lake ni sehemu ya pambo. Akisema tu kwamba aliipenda rangi, amewaonyesha rangi. Akisema kwamba ni lango la ghala la kahawa lililochorwa na fundi fulani wa Majengo, mwaka fulani, na kwamba lango hilo sasa limepakwa rangi ya tangazo, amewaonyesha mji, kazi, mtu na wakati. Fundi mwenyewe pengine hatafika katika sebule ile maisha yake yote, na hatajua ni wageni wangapi walilisikia jina lake wakati wa chai. Lakini jina lililotajwa kwa haki mahali pa mbali lina njia ya kurudi kwa mwenyewe: kwa kazi nyingine, kwa bei bora, au kwa mtoto wake kuambiwa kwamba mkono wa baba yake unajulikana.